Pete ya Mama Msumeno

"Nyoosha mkono," Meneja alisema.

Mama Msumeno akanyoosha wa kulia.

"Mwingine, mama. Tusichezeane akili."

Akanyoosha wa kushoto. Glavu ilikuwa imetoboka kwenye kidole cha pete, na pete yenyewe ikachungulia pale tunduni kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia dirishani. Kambi nzima ikaiona. Aliiona mpishi, aliyekuwa na mwiko mkononi. Waliiona wachorongaji, waliokuwa wamekaa juu ya mabomba yao wakingoja maji. Na aliiona mume wake, aliyesimama kwenye ngazi ya gari lake la maji, akakimwagia maji kiatu chake mwenyewe bila kujua. Kazi yake ilikuwa kupandisha maji mlimani, maana mtambo wa kuchoronga miamba hauli mafuta tu, unakunywa pia. Gari hilo lilimpa jina. Kila mtu alimwita Boza.

"Someni kibao cha mlangoni," Meneja alisema. "Someni kwa sauti. Pete, bangili, saa, mkufu, vyote vinaachwa nje! Kwa nini? Kwa sababu mashine za maabara zina pua. Ukikwaruza jiwe kwa pete ya fedha, mashine inanusa fedha. Sasa sikilizeni. Tulikuja huku porini kutafuta bati. Bati lipo, la kubangaiza. Ghafla maabara wananiletea majibu kwamba mwamba una fedha, tena nyingi ya kutia kizunguzungu. Nikaruka juu kama mtoto! Nikawapigia wenye mali! Kumbe fedha yenyewe imetoka harusini."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Bosi akitania, mtu hucheka kwanza, maana ya utani ataitafuta baadaye.

"Bosi, haivuki kifundo," Mama Msumeno alisema. Yeye ndiye aliyekuwa akipasua mawe yaliyotoka shimoni, yale marefu ya mviringo kama mipini ya majembe. Nusu aliitia kwenye kifuko cha kitambaa iende maabara, nusu aliibakiza kwenye trei. Alikuwa na mkono ulionyooka hata msumeno ukaonekana kama unamtii. "Tangu nimzae wa pili vidole vimenenepa. Mtaalamu Miwani analijua hilo, aliniambia nivae glavu."

"Na glavu inasemaje?"

Glavu ilinyamaza.

"Pete ni ya nini?"

Hapo Mama Msumeno akainua kidevu. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni chuma tu. Lakini kuna vitu mwanamke havishushi thamani hata akiwa mbele ya hakimu. "Ni fedha. Fedha safi. Aliinunua mume wangu yule pale." Akamwonyesha kwa kidole kile kile.

Macho yote yakageukia ngazi ya boza.

"Basi tumekwisha," Meneja alisema, na safari hii hakutania. "Wenye mali wakisikia neno pete, hawasikii tena neno jiwe. Mtambo ushushwe. Lori linakuja kuuchukua kesho mchana. Wewe mama, msumeno usiuguse tena."

Kicheko kikakatika. Wachorongaji wakatazamana. Waliokuwa wakimcheka mama mmoja walikuwa wakicheka mazishi ya kazi zao wenyewe.

Boza akafungua mdomo. Ukaingia upepo, ukatoka upepo. Akaufunga.

Maana Boza alijua, na aliamini ni yeye peke yake pale kambini, kwamba ile pete haikuwa fedha. Haikuwa na hata undugu na fedha.

* * *

Chumba chao kilikuwa cha mabati, cha pili kutoka bombani, na kuta zake zilipitisha kila kitu isipokuwa hewa. Jioni ile zilipitisha maneno. Mke wa mchorongaji mmoja alipita na ndoo, akapunguza mwendo makusudi.

"Wengine wanavaa pete," akaiambia ndoo yake, "wengine tunafunga virago."

Mama Msumeno hakujibu. Alikuwa akikunja nguo za watoto, anazikunjua, anazikunja tena. Boza alirudi kutoka jikoni na sahani yake ya maharage. Mpishi alimpakulia supu tupu, akamtazama usoni kama anamwambia: na hiyo shukuru.

"Kula wewe," mkewe alisema.

"Tule wote."

"Nile nini, aibu? Nimeshiba." Akaigusa pete, akaizungusha kidogo pale iliponasa kwenye nyama. "Unajua kinachoniuma? Si kazi. Kinaniuma kwamba kitu ulichonipa kwa moyo wako ndicho kimewaangamiza watu. Ningekuwa na akili ningeikata siku ile ile. Lakini nilisema, nikate pete ya mume wangu? Niwe nani?"

Boza akaiweka sahani chini.

Akatoka nje. Mama yake mzazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anamalizia mwanga wa jua kwa kushona. Bibi huyo alishona vile vifuko vya kitambaa vya kutilia mawe ya maabara, na sindano yake haikupumzika kwa msiba wala kwa sherehe.

"Utasema lini?" akauliza bila kuinua macho.

"Niseme nini, mama?"

"Mimi ndiye niliyekuzaa wewe, boza halikukuzaa. Siku ya harusi ulinipa pete nikutunzie. Nikaiuma."

"Uliiuma?"

"Niliiuma. Fedha ni laini, mwanangu, jino linaacha alama. Ile nusura iniachie mimi alama." Akavuta uzi, akaukata kwa meno hayo hayo. "Nikasema, ahaa, mwanangu kaoa kwa kitasa."

Boza akachuchumaa chini. "Mbona hukuniambia?"

"Kwani nilikuwa naoa mimi?"

Ndipo akamweleza, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote. Pesa ya pete alikuwa nayo, lakini kaka zake bibi harusi walisema watakuja wamevaa suti, naye akaona haya kusimama katikati yao kwa shati kama mpiga debe wao. Akakodi suti. Pete akainunua njiani, kwa mtu aliyetandaza kufuli, nyembe na vioo. Alidhamiria kuibadilisha kabla mtu hajajua. Lakini mke aliipenda mno! Aliwaonyesha mashangazi, majirani, hata wauguzi alipokwenda kujifungua. Kila alipoionyesha, mlango wa kukiri ukajifunga kidogo.

"Nikisema ataniacha, mama."

"Usiposema atafukuzwa kama mwizi, na wewe utabaki na mke asiye na kazi anayelilia kitasa. Akikuacha akiwa na kazi si afadhali? Wajukuu wangu watakula."

"Mama!"

"Mama nini. Nimekwambia nani ninayemhurumia. Kamlete yule mwenye bunduki."

* * *

Mwenye bunduki alikuwa Miwani, mwanajiolojia wa kambi, msichana mwembamba aliyevaa vioo vinene na viatu vya kiume. Bunduki yake haikuua. Ilielekezwa kwenye jiwe, ikatoa mwanga wake, kisha ikaandika kwenye kioo kidogo kwamba hapa kuna chuma, hapa kuna bati, hapa kuna risasi, ile ya madini, si ya kupigia mtu. Wakati kelele zote zinatokea, yeye alikuwa juu ya ukingo wa mlima ambako simu hazishiki, akifuata mshipa wa madini kwa nyundo.

Boza aliondoka alfajiri na boza tupu, linaruka kwenye mawe na kupiga kelele kama kengele ya shule iliyodondoka. Alimkuta Miwani amepiga magoti kwenye mwamba, kama anauombea.

"Kaka Boza! Njoo uone. Hizi chembe nyeusi ni bati. Na huu mwanya ulio kandokando yake, unauona ulivyoliwa? Humu ndimo ilimokaa risasi, na fedha hupenda kukaa na risasi. Mvua imeiosha yote hapa juu. Ila huko chini, ambako mvua haifiki..." Akainamisha kiganja chake kuelekea bondeni. "Mshipa unalala hivi. Nipe shimo moja tu, pale kwenye kichaka, tutaukata tumboni."

"Hakuna shimo, dada. Mtambo unashushwa."

Akamsimulia ya Meneja. Miwani akaketi chini, akavua vioo, akavipangusa bila kuviona. "Sasa mimi nitamwambia nini? Hata nikipima nusu zilizobaki kwenye trei, atasema mkono ulikuwa ule ule na pete ilikuwa ile ile. Na jiwe la hapa juu limeshaoshwa, haliwezi kutoa ushahidi. Pete ya fedha kwenye banda la sampuli! Na ni mimi niliyemruhusu."

"Si ya fedha."

"Nini?"

Boza akatazama magurudumu. "Pete. Si ya fedha. Niliinunua kwa mtu wa kufuli."

Miwani akavaa vioo vyake. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka mwangwi ukamrudishia kutoka ng'ambo ya bonde, na Boza akaona hata milima imeambiwa. Halafu ghafla akanyamaza.

"Ni ya nini, basi?"

"Sijui."

"Kaka Boza, fikiri. Ni ya nini?"

"Nimekwambia ya mtu wa kufuli! Inang'aa, ndiyo ninachojua."

"Pete nyingine za barabarani huwa za bati." Akasimama, akaanza kutupa vitu vyake garini. "Omba Mungu isiwe bati. Ikiwa bati, Meneja atasema hata lile bati letu dogo limetoka kidoleni. Hapo tutakuwa tumezikwa, tukafukuliwa, tukazikwa tena."

Njia nzima ya kuteremka Boza aliomba. Alikuwa na maombi ya ajabu, mtu mzima anayeomba zawadi ya mkewe iwe takataka, lakini takataka ya aina fulani.

* * *

Walipofika, mnara wa mtambo ulikuwa umelazwa chini na lori limeshageuza mkia. Wachorongaji walikuwa wakifunga minyororo polepole, kama watu wanaomvisha maiti sanda. Mama Msumeno alisimama mbali kidogo na banda, mikono nyuma. Hakuna aliyesimama karibu naye, isipokuwa Bibi na kapu lake la kushonea.

"Bosi," Boza alisema. Sauti ikatoka nyembamba. Akaikohoa, akaianza upya. "Bosi, wasimamishe. Ile pete si fedha."

Minyororo ikanyamaza.

"Unasema?"

"Niliinunua barabarani, kwa muuza kufuli. Pesa ya pete niliikodia suti. Mke wangu hajui. Hakudanganya, mimi ndiye niliyemdanganya."

Meneja akacheka kwa pua. "Mmemwona mume mwema? Yuko tayari kujiita tapeli ili mkewe arudi kazini. Ningekuwa na mke ningefanya hivyo hivyo."

"Mwongo!" Sauti hiyo ilikuwa ya Mama Msumeno. Alikuja kwa hatua ndefu, akampita Meneja, akasimama mbele ya mumewe. "Usinitetee kwa uongo. Pete yangu ni fedha."

"Mama watoto..."

"Ni fedha! Nimeivaa kwenye leba. Nimeivaa tulipolala njaa, watu wakaniambia iuze, nikasema siuzi. Leo unaniambia nilikuwa nimekumbatia nini?"

Hapo ndipo watu walipotambua kwamba mwanamke huyu alikuwa akipigania apoteze kazi. Hakuna aliyecheka. Hata mpishi alishusha mwiko.

"Nitazame machoni," akamwambia mumewe. "Duka gani?"

"Hapakuwa na duka."

"Alikuwa na meza?"

"Turubai."

Akamtazama sana. Boza hakuinamisha uso, na nadhani hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyofanya siku ile, maana kule chini kulikuwa na vumbi zuri la kutazama. Kisha Mama Msumeno akamgeukia mkwe wake. "Mama. Na wewe ulijua?"

"Niliiuma," Bibi akasema. "Nisamehe, mwanangu. Uliipenda sana. Niliona heri jino langu liumie kuliko moyo wako."

Mama Msumeno akavuta pumzi, akaishikilia, akaiachia. Akanyoosha mkono. "Itoeni."

Sabuni ilishindwa. Mafuta ya mtambo yakashindwa. Miwani akakataza bunduki isielekezwe kwenye kidole chenye nyama, mwanga wake si wa kuchezea. Ndipo Bibi akatoa uzi wa vifuko, akaipenyeza ncha yake chini ya pete, akakizungushia kidole kuanzia petini mpaka juu ya kifundo, mzunguko ukibana mzunguko, kidole kikawa chembamba kama cha msichana. Kisha akaivuta ile ncha ya chini, akaukunjua uzi taratibu, na kila ulipokunjuka pete ikapanda kidogo. Mama Msumeno alifumba macho. Ilipofika kwenye kifundo alipiga kelele moja fupi, na pete ikaruka, ikaanguka vumbini kwenye viatu vya Meneja.

Hakuna aliyetaka kuiokota. Mwishowe aliiokota Meneja mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya banda. Miwani akaielekezea bunduki. Ikalia. Kambi ikasogea, shingo juu ya bega, bega juu ya shingo.

"Shaba," Miwani alisoma. "Shaba kwa wingi. Zinki." Akameza mate. "Nikeli."

"Na fedha?" Meneja aliuliza.

"Sifuri."

"Na bati?" Boza aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa.

Miwani akarudia kupima upande wa pili, ndani, ukingoni. Akapandisha vioo. "Bati hakuna. Fedha hakuna. Hii, bosi, ni kufuli iliyotobolewa katikati." Akageuka, akalielekezea bunduki jiwe lililokuwa kwenye trei, lile la majibu ya kizunguzungu, baada ya kulivunja upya kwa nyundo lionyeshe moyo wake. Ikalia. Hakusoma. Alimpa Meneja asome mwenyewe.

Meneja alisoma. Akasoma tena. Masikio yakamwiva. "Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo haikutoka harusini," Bibi akasema. "Imetoka mlimani, huko huko mnakotoboa."

Hata nikisema walishangilia nitakuwa nimepunguza. Mchorongaji mkubwa alimbeba mpishi, mpishi akiwa na mwiko wake. Dereva wa lori akapiga honi, ingawa yeye alikuwa amepoteza safari. Watu waliokuwa wamemkimbia Mama Msumeno asubuhi sasa waligombania bega lake. Yule wa ndoo naye alifika, akisema alijua tangu mwanzo.

Meneja akamsogelea Mama Msumeno, akainama, akaanza kunong'ona kwamba kwa kweli kwa upande wake anasikitika...

"Bosi," akamkatiza. "Ulinifokea kwa sauti ya kambi nzima. Usiniombe radhi kwa sauti ya sikioni."

Meneja akatazama huku na huku, asione pa kutokea. Akapanda kwenye trei tupu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka bombani kwamba alikosea, kwamba Mama Msumeno ni mfanyakazi mwaminifu, kwamba anaombwa arudi kwenye msumeno wake, na kwamba mtambo uinuliwe tena, lichorongwe shimo moja zaidi, pale atakapoonyesha Miwani.

"Na saa yako, bosi," Bibi akasema toka kwenye kapu lake. "Umeingia nayo bandani mara ngapi?"

Meneja akaivua.

* * *

Mama Msumeno hakuzungumza na mumewe. Alimpakulia chakula, alimfulia shati, akampitisha pembeni kama mtu anavyopita kando ya kochi. Kidole chake kilikuwa na mzunguko mweupe, naye hakukificha wala hakukitazama. Boza alipandisha maji. Akashusha tangi tupu, akapandisha maji. Kambi ilimpa jina jipya siku ile ile. Kila alipopita mtu aliita, "Nikeli! Habari ya nyumbani?" Naye akapunga mkono, maana ufanyeje? Mtu ukishavuliwa nguo hadharani, unabaki kusimama wima tu.

Mtambo ulisimama kwenye kile kichaka, ukateremka mwambani, ukatema mawe meupe, meupe, meupe. Wachorongaji wakaanza kukwepa macho ya Miwani. Meneja akaanza kula kucha. Boza akawa akienda mbio zaidi mlimani, kama vile maji yake ndiyo yanayousukuma mshipa usogee.

Kisha mchana mmoja mchorongaji mkubwa alishuka amebeba jiwe mikononi, kama mtoto wa kubatizwa, hataki kuliweka chini. Akalipeleka bandani. Msumeno ukawaka. Watu wakaacha walichokuwa wakifanya. Msumeno ulilia kwa sauti nyembamba, ukazama kwenye kitu kizito, sauti ikabadilika, kila mtu akaisikia ikibadilika. Ukazima.

Mama Msumeno akatoka. Aproni inachuruzika, uso umejaa tope la jiwe, meno tu ndiyo meupe. Alishika nusu jiwe kila mkono. Katikati ya kila nusu kulikuwa na mkanda mpana, mweusi wa bati, na ndani ya weusi kijivu kizito cha risasi, makao ya fedha, kilichometa juani kama mgongo wa samaki. Miwani alilipokea, akalikumbatia kifuani, akalia bila haya. Meneja alikuwa ameshaanza kukimbilia kwenye simu, kiatu kimoja kimebaki nyuma.

Mama Msumeno hakuwatazama hao. Alikuwa akitazama njia ya mlimani, ambako gari la maji lilikuwa likikata kona, vumbi nyuma yake. Akajipangusa mdomo kwa kiwiko, akaweka mikono kiunoni, na kwa sauti iliyowafanya hata ndege wahame kichaka akaita:

"Wewe Nikeli! Mume wangu! Fanya haraka na hayo maji, mtambo una kiu na mimi nina kazi!"

Kambi ikalipuka kwa kicheko. Boza akabana honi, akaibana, na hakuiachia mpaka alipofika juu.